Kuchagua Hema la Safari ya Miguu

Watu wengi hulifikiria hema kuwa ni kitu cha kulala ndani yake. Ni wachache wanaolifikiria kuwa ni mzigo. Lakini msafiri wa miguu hulichukua hema lake mgongoni mchana kutwa kabla hajalala ndani yake usiku, na kesho yake hulichukua tena. Kwa hiyo anayechagua hema la safari hana budi kujiuliza maswali mawili kwa pamoja: Je, litatukinga usiku ulio mbaya kuliko zote? Na je, aliye mdogo kuliko wote miongoni mwetu ataweza kuchukua sehemu yake? Hema lisilojibu maswali yote mawili halifai, hata likiwa zuri namna gani.

Mambo haya sikuyapata vitabuni tu. Mwezi wa Juni 2025, nilipokuwa Kidato cha Tatu, kikosi chetu cha Skauti kilikusudia kwenda kwa miguu kutoka Lushoto, kupitia msitu wa Magamba, Lukozi na Mambo, hadi Mtae. Tulikuwa wanafunzi sita pamoja na mwalimu wetu mlezi, na safari ilikuwa ya siku nne na usiku tatu. Milima ya Usambara twaiona kila asubuhi kutoka mstarini, lakini kuiona si kuilala. Huku kwetu tambarare hata mwezi wa Juni mtu hulala na shuka moja. Kule juu ni habari nyingine, kwa maana kila upandapo mita 1,000 baridi huongezeka kwa kadiri ya digrii sita. Lushoto iko kwenye kimo cha mita 1,400 hivi, na njia yetu ilipanda zaidi ya hapo. Tena ukungu wa kule hauna miadi, huja utakapo.

Katika stoo ya shule lilikuwamo hema moja la turubai, kubwa, la watu wanane. Tulilipima kwa mizani ya jikoni pamoja na nguzo zake, kamba na vigingi, likawa kilo 28. Sisemi hema hilo ni baya. Turubai la pamba likilowa, nyuzi zake huvimba na kuziba matundu, ndipo mvua isipenye; na kwa kambi ya kukaa mahali pamoja, ambayo vitu vyake huletwa na gari, sijaona lililo bora kuliko hilo. Lakini pamba hunywa maji. Hema la kilo 28 likinyeshewa usiku mmoja halitakuwa tena la kilo 28 asubuhi. Tena nguo yake haigawanyiki: yapasa wawili wailete mabegani kwa mti, kama wachukuavyo mgonjwa kwa machela, katika njia ambazo hata mtu mmoja hupita kwa taabu.

Hapo ndipo ulipozuka ubishi uliotugawa kwa muda wa juma zima. Miongoni mwetu alikuwamo mdogo wetu wa Kidato cha Pili, mwenye uzito wa kilo 44. Ndiye aliyekuwa na hamu ya safari kuliko sisi sote, na ndiye aliyemwagilia kabichi za kikosi kila jioni, zile zilizotupatia sehemu kubwa ya fedha zetu. Wako waliosema, tena kwa nia njema, kwamba abaki. Walisema, "Hema ni zito, na mdogo wetu hataweza. Akichoka njiani tutambeba yeye pamoja na hema." Mwenyewe alinyamaza kimya, akatazama chini. Mimi niliona vibaya kwamba mtu aachwe kwa sababu ya turubai.

Mwalimu mlezi hakuamua kwa upande wowote. Alichukua chaki akaandika ubaoni kanuni inayotumiwa na wasafiri wengi: mzigo wa kijana usizidi robo ya uzito wa mwili wake. Kwa mdogo wetu ilikuwa kilo 11. Kisha akatuambia tutoe humo kila kitu asichoweza kukiacha: maji lita mbili, ambayo ni kilo mbili, blanketi, sweta na nguo za kubadili, sehemu yake ya chakula, sahani, tochi, na shanta lenyewe. Tukijumlisha vyote, zilibaki kilo moja na nusu tu. Hema la zamani likigawanywa kwa watu sita, kila mmoja angepata kilo 4 na gramu 700 hivi. Mwalimu akaweka chaki chini, akasema, "Hesabu hii haimkatai mtoto. Yalikataa hema."

Basi tukaanza kutafuta hema jingine. Lakini kabla sijaeleza jinsi tulivyotafuta, nataka kujibu neno nililoambiwa na mwenzangu mmoja wa bweni, kwamba mahema mepesi ni mambo ya watalii, wala hayatuhusu. Mwenzangu huyo amesahau majirani zetu. Wafugaji wa Kisomali wana nyumba yao iitwayo akali, ambayo hujengwa kwa fito zilizopindwa kama upinde na kufunikwa mikeka. Wakihama huivunja, wakaipakia juu ya ngamia, na kuisimamisha tena waendako. Warendile na Wagabra wa kaskazini mwa Kenya hufanya vivyo hivyo. Ukilitazama hema la kisasa la mviringo, lenye fito mbili zinazopishana juu, utaona ni ujuzi ule ule wa upinde: kitu chembamba kikipindwa na kukazwa huwa na nguvu kuliko kikisimama wima. Tofauti ni kwamba wao wana ngamia, na sisi tulikuwa na migongo yetu.

Jambo la kwanza tulilopaswa kuamua lilikuwa hesabu ya mahema. Je, tutafute moja la watu sita, matatu ya watu wawili wawili, au mawili ya watu watatu watatu? Hema moja kubwa hutaka uwanja mkubwa ulio sawa, na katika Usambara kila mahali palipo sawa pamekwisha kulimwa au kujengwa. Tena likipasuka usiku, watu wote sita wako nje. Mahema matatu madogo huingia popote, lakini gharama yake ni kubwa, kwa kuwa kila hema lataka fito zake, zipu zake na vigingi vyake. Na mdogo akipata homa usiku ana mwenzake mmoja tu wa kumwangalia. Mahema mawili yalikuwa katikati. Kila moja lingekuwa na mkubwa mmoja wa kuwasimamia wenzake, na moja likiharibika, sote sita twaweza kuketi ndani ya lile la pili, tumebanana, mpaka kuche. Kwa sababu hiyo tuliafikiana juu ya mahema mawili.

Jambo la pili lilikuwa nguo. Mahema mengi mepesi hushonwa kwa nailoni au kwa poliesta. Nailoni ni imara kwa wepesi wake, lakini ikilowa hulegea, na aliyelala huamka usiku kukaza kamba. Poliesta hailegei sana, tena hulistahimili jua vizuri zaidi. Na jua la nchi zetu, hasa milimani, ni adui wa nguo zote mbili. Ndiyo maana si vema kuliacha hema limesimama juani mchana kutwa bila sababu. Watengenezaji huipima nguo kwa maji: husimamisha bomba la maji juu ya kipande chake, kisha hutazama kimo cha maji kinachofikiwa kabla matone hayajaanza kupenya. Nguo inayostahimili kimo cha milimita 1,500 huhesabiwa kuwa yazuia mvua. Sakafu yataka zaidi ya hapo, kwa sababu goti la mtu huyasukuma maji ya chini kwa nguvu kuliko tone la mvua liangukalo.

Lakini nguo peke yake haitoshi. Tulikwenda kwa fundi cherehani mmoja mzee aliye karibu na soko, tukamwonyesha hema la kuazima. Hakuitazama nguo hata kidogo. Aliupitisha mshono vidoleni mwake toka mwanzo hadi mwisho. Akasema, "Wanangu, sindano ikipita imeacha tundu, na matundu ya mshono mmoja ni mamia. Maji hayatafuti nguo, yanatafuta njia." Tangu siku ile tulipoangalia hema lo lote tulianza na mishono. Ikiwa imefunikwa kwa utepe uliogandishwa kwa ndani, tulitazama kama utepe haujabanduka. Ikiwa haina utepe, tulijua ya kuwa yapasa kupakwa dawa ya kuziba.

Jambo la tatu lilikuwa fito. Mahema ya bei ndogo yaliyomo madukani aghalabu huwa na fito za faibagilasi. Hizo ni nzito, na zikivunjika hupasuka vijiti vijiti vyenye ncha, ambavyo huchoma mikono na kutoboa nguo. Fito za alumini ni nyepesi, nazo mara nyingi hupinda kabla ya kuvunjika, na ikivunjika moja yaweza kufungwa kwa kipande cha bomba kilicho kipana kidogo kuliko ufito wenyewe. Tulisisitiza kwamba kila hema liwe na kipande hicho. Uzito wake ni mdogo kuliko wa kalamu mbili.

Jambo la nne ni kifuniko cha nje. Mahema mengi ya madukani huwa na kifuniko kidogo kama kofia, nacho hukinga kilele tu. Mvua ya mlimani haianguki wima. Huja na upepo, ikapiga ubavuni. Kifuniko kizuri hushuka mpaka karibu na ardhi pande zote, tena huacha baraza ndogo mbele ya mlango, ambapo viatu vya matope na mashanta hupata mahali. Kati ya kifuniko na chumba cha ndani yafaa pawe na nafasi ya hewa kupita. Mtu akilala hutoa maji mengi katika pumzi yake. Mvuke huo ukigusa nguo yenye baridi hugeuka matone, kama ilivyo juu ya mfuniko wa sufuria. Ikiwa nguo ni moja tu, matone hayo yatakudondokea usoni. Ikiwa ni mbili, yatabaki kwenye kifuniko cha nje nawe ukalala pakavu.

La mwisho ni ukubwa. Hema likiandikwa "watu watatu", maana yake ni watu watatu waliolala kama samaki kwenye chungu, bila mizigo yao. Tulichora kwa chaki sakafuni mwa darasa mstatili wenye upana wa sentimita 180 na urefu wa sentimita 210, tukalala ndani yake watatu, pamoja na yule mrefu kuliko sote. Tulienea, kila mmoja na sentimita zake 60. Geuka mmoja, mgeuke wote. Lakini katika baridi hilo si tatizo, ni faida.

Fedha zetu hazikutosha kununua hata hema moja jipya la aina hiyo kutoka ng'ambo. Mwalimu mlezi alisikia kwamba Moshi wako watu wanaouza mahema yaliyokwisha kutumiwa na wapanda mlima, basi tukaenda naye wanafunzi wawili. La kwanza tulilofunguliwa lilikuwa na rangi ya kupendeza na bei ya kuvutia. Tulipoligeuza ndani, nguo ilishika vidole kama ulimbo, nayo ilinuka. Hiyo ni dalili kwamba utando wa kuzuia maji umeoza, kwa uzee au kwa kuhifadhiwa na unyevu. Hema la namna hiyo huvuja kila mahali, na hakuna kiraka kitakacholifaa. Tulimshukuru mwenye nalo tukaendelea. Jua lilipokuwa likielekea kuchwa tulipata mawili yaliyofanana, ya poliesta, yenye fito za alumini. Zipu moja ilikuwa nzito, na sakafu moja ilikuwa na tundu la mwiba. Tulipunguziwa bei kwa sababu hiyo, na fundi wetu mzee akavitengeneza vyote viwili kwa siku moja. Kila hema lilikuwa na kilo 3 na gramu 200.

Sasa rudini kwenye hesabu ya ubaoni. Mahema mawili yalifanya kilo 6 na gramu 400. Hema moja liligawanywa kwa watu watatu: mmoja kifuniko cha nje, wa pili chumba cha ndani, wa tatu fito na vigingi. Kila mmoja alipata kilo moja na kidogo. Mdogo wetu alikuwa na nafasi ya kilo moja na nusu. Hakuna aliyesema tena kwamba abaki.

Kwa majuma mawili tulijizoeza uwanjani baada ya maakuli ya jioni. Tulimwaga ndoo za maji juu ya mahema tukiwa na wenzetu ndani. Kisha mwalimu alitufunga vitambaa machoni, akataka tusimamishe hema kwa kupapasa tu, kwa kuwa giza na mvua haviji kwa kupokezana. Mwanzoni tulichukua zaidi ya nusu saa, mwishowe dakika kumi. Aliyekuwa mwepesi kuliko sote ni yule yule mdogo wetu.

Safari yenyewe sitaieleza yote. Siku ya kwanza tulipita katika msitu wa Magamba, ambako ukungu hufanya miti idondoshe maji hata pasipo mvua. Huko Lukozi tulipewa ruhusa ya kulala katika uwanja wa shule. Asubuhi mmoja wetu alipiga kelele kwamba hema linavuja. Kumbe ni pumzi zetu wenyewe, zimetanda kama umande ndani ya kifuniko cha nje, na mablanketi makavu kabisa.

Usiku wa pili, karibu na Mambo, ndio usiku ulio mbaya niliotangulia kuutaja. Tulikuwa mahali palipo wazi, na ardhi ilikuwa ya mawe, hata vigingi vingine havikuingia. Kamba tulizifunga kwenye mawe makubwa. Yapata saa saba upepo ulivuma kwa nguvu, ukafuatwa na mvua. Mara tukasikia mlio kama wa tawi, na upande mmoja wa hema letu ukatuangukia. Ufito ulikuwa umevunjika. Mdogo wetu alikuwa wa kwanza kutoka, tochi mdomoni. Mimi nilishika vipande viwili vya ufito, naye akalivuta lile bomba fupi mpaka likafunika palipovunjika, akazungusha utepe. Vidole vyangu vilikwisha kufa ganzi, vyake vilikuwa vikifanya kazi. Tulirudi ndani tumelowa sisi, lakini mablanketi yalikuwa makavu, na mpaka kulipokucha hema halikutikisika tena. Siku iliyofuata tulifika Mtae, tukasimama ukingoni na kuitazama nyika ya Mkomazi chini yetu, imetandazwa kama mkeka. Sote saba tulikuwapo.

Wazazi wanaosoma ukurasa huu wataniwia radhi nikiongeza onyo moja. Hema linalozuia upepo huzuia pia hewa. Katu pasiwashwe jiko la mkaa ndani yake, wala lisiingizwe hata likibaki na makaa machache ya kuota. Moshi wa sumu utokao kwenye mkaa hauonekani wala haunuki, nao huua watu usingizini. Nguo yenyewe pia hushika moto upesi na kuyeyukia mwilini. Dawa ya baridi ni blanketi, sweta, chai iliyopikwa nje, na wenzako kulia na kushoto.

Nanyi wadogo zetu mtakaotufuata, mahema yale mawili ni yenu. Sisi wa Kidato cha Nne twaondoka baada ya mtihani wa Novemba. Yaanikeni kivulini mpaka yakauke kabisa kabla ya kuyakunja, maana hema likikunjwa na maji huota ukungu na kuoza kama lile tulilolikataa Moshi. Hesabuni vigingi kila mrudipo. Bomba la kufungia ufito lisitolewe mfukoni mwake kwa kazi nyingine yo yote. Na siku mtakayokaa kuchagua hema jingine, au jembe, au njia, au kazi ya kikosi, msianze kwa kumwuliza mwenye mabega mapana. Mpandisheni kwanza aliye mdogo kwenye mizani, mwandike uzito wake ubaoni, kisha ndipo mchague.